Wakili wa Mwenge anayegoma kugonga muhuri hovyo: nyota 4

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo, nyota 4 kati ya 5. Ofisi yenyewe ni ya wakili mmoja mwanamama pale Mwenge, ghorofa ya kwanza, chini kuna duka la vifaa vya umeme na stesheneri mbili zinagombania wateja. Jina silitaji, mawakili kanuni zao zinawabana sana kwenye mambo ya kujitangaza, nisije nikamletea kesi wakati mimi ni mteja wake tu. Mlangoni kuna kibao cha kawaida, wakili, notari, kamishna wa viapo, vibao kama hivyo Dar viko kila kona. Tofauti iko ndani.

Kwa wasiozijua hizi kazi: huku kwetu Bara wakili akishaandikishwa na kulipia vyeti vyake anakuwa pia notari na kamishna wa viapo, sheria yenyewe ya manotari na makamishna wa viapo ni Sura ya 12, kwa hiyo ukiona vyeo vitatu kwenye muhuri mmoja usidhani mtu anajikweza. Kwenye ukamishna ndo mambo ya kuapisha, umepoteza cheti, majina yako yamepishana kwenye vyeti, mzazi hana cheti cha kuzaliwa, unaandikiwa hati ya kiapo, unaapa mbele yake, unasaini na yeye anasaini. Kwenye unotari anashuhudia saini za watu na kuthibitisha nyaraka, mikataba, hati za uwakilishi, na hasa makaratasi yanayosafiri kwenda nje. Hakimu naye anaweza kukuapisha ndo maana wengine wanaenda zao Mahakama ya Mwanzo. Kenya hawajarahisisha hivyo, kule wakili anatakiwa awe ameshafanya kazi si chini ya miaka 5 ndo apate unotari. Na Marekani ndo kichekesho kabisa, binamu yangu yuko Los Angeles anasema notari wao wala halazimiki kuwa mwanasheria, unamkuta hata kwenye duka la kutuma vifurushi, na California bei ina kikomo, dola 15 kwa saini moja, ila kama si mwanasheria haruhusiwi kukushauri kitu chochote cha kisheria. Nilipomtajia bei za hapa akasema tunapigwa, nikamwambia huyu wa kwetu kasomea sheria, ukimuuliza swali anajibu.

Haya. Aliyenifikisha pale ni mdogo wetu wa mwisho, kipindi kile cha kuomba mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo. Wenye wadogo zao waliomaliza form six mnaijua hiyo shughuli, fomu unaijaza kwenye mfumo wa OLAMS, unaprinti, inaenda serikali ya mtaa inagongwa, mdhamini anasaini na kubandika picha, inaenda kwa kamishna wa viapo, halafu unaskani unapandisha tena kwenye mfumo, na hapo watoto wa nchi nzima wanafanya kitu hicho hicho wiki hizo hizo. Tulianzia stesheneri moja ya mtaa mwingine kabisa, jamaa akasema acheni fomu hapo na elfu tano, jioni njooni mtaikuta imegongwa. Nikamuuliza wakili mwenyewe yuko wapi, akajibu "yupo", huku anaendelea kutoa kopi za mtu mwingine. Dogo alishaanza kutoa hela mfukoni, nikamshika mkono tukaondoka. Huo muhuri ulikuwa kwenye droo ya meza, nimeuona kwa macho yangu, na pedi yake ya wino pembeni.

Sasa pale Mwenge mambo yakawa kinyume chake mpaka ikakera. Karani wa mapokezi kaangalia fomu, akauliza mwombaji yupi, dogo akanyoosha mkono, mdhamini je, tukasema mdhamini ni baba mdogo yuko kazini Kibaha ila alishasaini jana na kitambulisho chake hiki hapa kopi. Akaingia ndani akarudi na jibu la wakili, mdhamini aje mwenyewe na kitambulisho halisi. Dogo nusura alie maana siku za mwisho zilikuwa zinahesabika. Baba mdogo kaja kesho yake kanuna mpaka masikio, na wakili akatoka mwenyewe kumpokea, "Baba shikamoo, nisamehe kwa usumbufu, ila hapa naandika kwamba nimekuona ukisaini, sasa nisipokuona nitakuwa naandika nini?" Mzee kanuna nusu saa nyingine lakini hakuwa na la kujibu. Akasaini upya mbele yake, dogo naye akasomewa anachokiapia, kwamba taarifa za wazazi na kipato alizojaza ni za kweli na kwamba kuapa uongo ni kosa la jinai, mtoto wa watu akaanza kuirudia fomu mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Nilipenda hiyo.

Kopi za vyeti hivyo hivyo. Kwenye matangazo ya kazi za serikali utakuta wanataka nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, watu wanaenda na mafungu ya kopi wanagongewa kama wanachapa risiti. Huyu mama anataka orijino mezani, anailinganisha na kopi ukurasa kwa ukurasa, nambari ya cheti, jina, mwaka, ndo anagonga na kusaini na kuandika tarehe. Picha ya kwenye simu hagongi. Kopi ya kopi hagongi. Kuna kaka mmoja siku hiyo alikuja na cheti kilichofanyiwa laminesheni mpaka maandishi hayasomeki vizuri, akaambiwa kaka hiki siwezi kukithibitisha maana sioni kilichoandikwa, nenda baraza la mitihani. Kaondoka anatukana ngazi nzima.

Kilichonifanya nimuamini hasa ni kiapo cha bi mkubwa. Nilikuwa naomba pasipoti, Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, na maza kazaliwa huko Kilosa miaka ya hamsini nyumbani kwa bibi yake, cheti kingetoka wapi. Nilitegemea ni kazi ya dakika kumi, yule dada anachapa, maza anasaini, tunasepa. Wakili akamkalisha maza mbele yake, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akachukua kitambulisho cha NIDA akauliza hii tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1956 umeijuaje mama?

Maza bila hata kupepesa, "Aliandika yule kijana wa kwenye kompyuta. Mimi nilimwambia nilizaliwa kipindi cha mavuno."

Mimi nikawa namkanyaga mguu chini ya meza, nawaza huyu mama anatuharibia. Lakini wakili wala hakushtuka, watu wa umri huo wenye tarehe za namna hiyo kawazoea. Akaanza kumuelezea, na mimi ndo nikaelewa siku hiyo, kwamba kwenye hati ya kiapo kuna mambo unayoyajua wewe mwenyewe na kuna mambo uliyoambiwa, na ya kuambiwa lazima utaje aliyekuambia, na hakuna binadamu anayeijua siku yake ya kuzaliwa kwa kuiona. Kwa hiyo aya moja ikaandikwa kwamba mahali na mwaka wa kuzaliwa anaujua kwa taarifa za marehemu wazazi wake, wakatajwa majina yote mawili mawili, na aya nyingine kwamba tarehe iliyotajwa ni ile iliyopo kwenye kitambulisho chake cha Taifa. Uongo hakuna hata tone, na tarehe zinafanana na za serikali. Maza alifurahi sana, alikuwa anaogopa kweli kuapia kitu asichokijua, mtu wa kanisani yule, ile Biblia iliyopo mezani pembeni ya Msahafu alikuwa anaiangalia toka tumeingia.

Akasomewa yote kwa sauti mpaka ile sehemu ya uhakiki ya mwisho, kwamba niliyoeleza aya hii mpaka hii ni kweli kwa kadiri ninavyojua, na hizi nyingine ni taarifa ninazoziamini. Akala kiapo. Halafu ile sehemu ya chini kabisa ambayo sisi wengine tunaona ni mapambo, imeapwa Dar es Salaam, tarehe fulani, mbele yangu, jina la wakili, saini, muhuri. Wakili anasema kiapo kikikosa mahali au tarehe pale chini mahakamani kinatupwa nje, haijalishi yaliyomo ni matamu kiasi gani. Na kuna kamstari kengine, kwamba muapaji ninamfahamu binafsi au ametambulishwa kwangu na fulani ambaye ninamfahamu binafsi. Wakili hakuwa anamfahamu maza, lakini mimi nilishakuwa mteja wake, basi nikaandikwa mimi ndo mtambulishaji, na jina langu likaingia mle. Nadhani ni mara ya kwanza kumtambulisha mama yangu mzazi kwa mtu kwa maandishi.

Hapo hapo niingize lalamiko langu kubwa, nyota iliyopungua inaanzia hapa. Rasimu ya kwanza ya hicho kiapo ilitoka kwa Kiingereza. Maza anajua Kiingereza cha "gudi moning". Nikauliza mbona hivi, karani akasema ndo templeti ya ofisi. Jamani toka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama nchi hii, na huyu bibi anaapia kitu hiki mbele ya Mungu wake, unampaje kwa lugha asiyoijua? Kweli wanaweza kumtafsiria na kuandika pale chini kwamba ametafsiriwa akaelewa, ndo utaratibu hata kwa asiyejua kusoma anayeweka dole gumba, lakini kwa nini tuzunguke. Wakili mwenyewe aliposikia alikubali bila ubishi, ikachapwa ya Kiswahili, Uhamiaji wakaipokea bila neno. Ila nimerudi miezi kadhaa baadae kwa kazi nyingine, templeti ikatoka tena ya Kiingereza, ikabidi niombe tena. Ofisi makini kama hii haitakiwi mteja aombe.

Sasa ngoma nzito ilikuwa ya braza. Braza yangu mkubwa yuko Muscat miaka mingi, ana nyumba yake Mbagala yenye hati, akapata mnunuzi na hawezi kuja, akataka mimi nisimamie mauzo kwa hati ya uwakilishi, ile watu wa mjini wanaita pawa ofu atoni. Akadaunilodi fomu mtandaoni, akaijaza, akasaini sebuleni kwake, akaipiga picha, akanitumia WhatsApp, ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu, "peleka kagonge muhuri".

Nikapeleka. Wakili kaangalia simu, kaangalia mimi, akacheka kidogo. "Kaka yako alisaini mbele ya nani?" Nikasema mbele ya mke wake. Akasema basi shemeji yako ndo angegonga muhuri. Nikajaribu na ujanja mwingine, nikasema wakili tumpigie video kol sasa hivi umuone asaini ukiwa unamwangalia, akagoma, akasema mimi niko Mwenge yeye yuko Muscat, nikiandika kwamba amesaini mbele yangu Dar es Salaam nimeandika uongo, na siku mnunuzi akigombana na nyie huo uongo wangu ndo kitu cha kwanza wakili wa upande wa pili atakachokishika.

Njia aliyotupa ni hii, na naiandika kwa urefu maana wenye ndugu Omani na Uarabuni mko wengi humu na mnateseka na hili jambo. Hati inaandaliwa hapa na wakili, inatumwa kwake kwa imeili, anaiprinti BILA kuisaini, anaenda nayo na pasipoti yake Ubalozi wa Tanzania Muscat, anasaini mbele ya afisa wa ubalozi, ubalozi unathibitisha na kugonga muhuri wake. Halafu karatasi yenyewe halisi ndo inarudi nyumbani, sio picha, sio skani. Ikifika inalipiwa ushuru wa stempu TRA, na kwa kuwa ni mambo ya ardhi yenye hati inapelekwa kwa Msajili wa Hati kusajiliwa ndo iweze kutumika kuhamisha umiliki. Braza aliposikia hiyo orodha alinipigia kelele dakika kadhaa za bando langu, hao mawakili wa Bongo wanapenda kuzungusha watu, huku kila kitu ni kwa simu na kadhalika. Mwisho wa siku akaenda, kumbe ubalozini watu wa hati hizo wamewazoea, akamaliza siku hiyo hiyo, karatasi ikaja kwenye begi la dada mmoja jirani yake aliyekuwa anarudi likizo.

Na kuna jambo lingine kwenye hiyo hati lilinichoma kidogo ila nalisifia. Ile fomu ya mtandaoni aliyoijaza braza ilikuwa ya mamlaka ya jumla, yaani mimi nafanya chochote juu ya mali zake zote na akaunti zake. Wakili akampigia simu mbele yangu, spika imewashwa, akamuuliza mheshimiwa unauza nyumba au unauza kila kitu? Maana kwa hii karatasi mdogo wako anaweza kuuza mpaka kitanda chako cha Muscat. Mimi nipo hapo hapo nimekaa, aisee! Braza akacheka, mimi nikacheka kwa shida. Ikaandikwa ya jambo maalum, nyumba moja, namba ya kiwanja na ya hati zimetajwa, kuuza na kusaini nyaraka za uhamisho, na fedha ziingie akaunti ya braza moja kwa moja, sio yangu. Akamweleza pia kwamba anaweza kuitengua muda wowote kwa maandishi, na kwamba yeye akifariki hati inakufa naye siku hiyo hiyo, mimi sina tena mamlaka yoyote, hapo tunaingia kwenye mirathi. Hili la mwisho watu wengi hawalijui, kuna familia zinaendelea kutumia hati ya uwakilishi ya marehemu mpaka wanagombana kaburi halijakauka. Kwa upande wangu, baada ya kuuza wala hakuna ndugu aliyeniuliza hela ziko wapi, maana karatasi inaonesha hazikupita kwangu.

Kiwanja cha Goba nitakipitia haraka. Nilikuwa nanunua, muuzaji hana hati, ana mkataba wake wa zamani alionunulia, tukaenda kwa wakili watu wa pande zote mbili na mashahidi na dalali juu. Swali la kwanza kwa muuzaji lilikuwa mzee mke wako yuko wapi. Mzee akasema mke hahusiki, kiwanja nilinunua mwenyewe. Wakili akasema sawa baba, basi aje aseme mwenyewe kwamba hahusiki, asaini ridhaa ya mwenza. Dalali alichukia hatari, alishapanga kula asilimia zake siku ile. Tukasubiri mpaka mama akaja, na huyo mama alikuwa na hoja yake kuhusu bei, ikabidi tuanze upya mazungumzo, nikaongeza hela kidogo. Iliniuma mfuko lakini bora pale kuliko aje kwenye msingi na panga.

Na kabla ya kusaini wakili akatuambia kitu ambacho natamani kibandikwe kila stesheneri ya mji huu: muhuri wangu unasema nyinyi wawili mmesaini mbele yangu kwa hiari mkiwa na akili zenu, hausemi kwamba kiwanja ni cha huyu baba. Hilo la umiliki kachunguzeni wenyewe. Kwenye ardhi yenye hati unaenda kufanya upekuzi kwa Msajili, kwenye ambayo haijapimwa kama hii yetu unaenda serikali ya mtaa, unaongea na majirani wa pande zote nne, unauliza aliyemuuzia huyu ni nani na yuko wapi. Nilishafanya nusu ya hayo, nusu nyingine nikaimalizia wiki ile. Watu wanatembea na mkataba una muhuri mwekundu wanasema "hiki kimeshapita kwa mwanasheria" kama vile muhuri umekipima kiwanja.

Kituko cha mwisho. Binamu yangu mwingine, sio yule wa Los Angeles, ana kesi ya madai, huyu huyu mama ndo wakili wake mahakamani. Ikahitajika hati ya kiapo kuambatanisha na maombi, binamu akajua ni hapo hapo anaandaliwa, anaapishwa, kazi kwisha. Kuandaliwa kaandaliwa, chini pakaandikwa imeandaliwa na nani na anwani yake kama sheria ya mawakili inavyotaka, halafu akaambiwa haya chukua nenda ofisi ya pili kule ng'ambo ya barabara kaape kwa wakili mwingine, mimi siruhusiwi kukuapisha kwenye kesi ninayokusimamia mwenyewe. Binamu akadhani ni mbinu ya kugawana hela na jirani. Si mbinu, ipo kwenye sheria yao ile ile ya Sura ya 12, na kuna watu maombi yao yamekwama mahakamani kwa kosa la aina hiyo. Kule ng'ambo akalipa kivyake, hilo mjue, inaongeza gharama.

Tuje kwenye bei. Mimi nimelipa elfu mbili kwa kila nakala ya cheti iliyothibitishwa, fomu ya bodi elfu kumi, kiapo cha maza elfu ishirini pamoja na kuandaa, hati ya uwakilishi na mkataba wa kiwanja hizo zina bei ya kukaa na kuongea. Stesheneri za chini utapata karibu nusu yake. Sio bei ya kutisha ila sio ya bure, na kwa wanafunzi kidogo inauma, ingawa niliona siku moja mtoto mmoja katoka Kigamboni na fomu ya bodi na nauli tu, wakili akamgongea bila hela akamwambia mdogo wangu nenda kasome. Risiti ya EFD unapewa bila kuomba, hili kwa ofisi za aina hii si jambo la kawaida. Malipo kwa simu yapo.

Mabaya mengine ukiacha templeti za Kiingereza: foleni ya mwezi wa 7 na wa 8 ni balaa, viti ni vichache, unasimama kwenye ngazi na jua linaingia dirishani. Ngazi zenyewe ni kali, maza alizipanda kwa kupumzika katikati, kwa mzee anayeumwa miguu pigeni simu kwanza, alishawahi kushuka kumuapisha babu mmoja ndani ya gari pale chini. Halafu mchapaji wao anakosea majina. Kiapo cha mtu kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, halafu wanaongeza jina la tatu kwa kukosea herufi! Someni kila mstari kabla ya kusaini, hasa namba ya NIDA, wakiombwa kurekebisha wanarekebisha bila kununa na hawachaji tena.

Kwa mlioko mbali na Mwenge, popote mtakapoenda jambo la kwanza ingieni e-Wakili, mfumo wa Mahakama, mnaandika jina lililopo kwenye muhuri mnaona kama huyo mtu yumo na kama leseni yake iko hai, maana inahuishwa kila mwaka na vishoka ni wengi, wengine wanatumia muhuri wa wakili ambaye hata hajui kama muhuri wake unafanya kazi usiku. Ni dakika mbili tu na simu yako.

Nendeni na orijino, vitambulisho halisi vya kila anayesaini, na mtu mmoja ambaye wakili anamfahamu kama mnaye. Jumatatu asubuhi epukeni, mara nyingi yuko mahakamani mpaka saa sita na karani hana ruhusa ya kugonga chochote. Jumamosi wanafunga saa saba mchana.